Mtoto Huyu ni wa Nani

Mapendo mwanangu,

Nimefunga saluni mchana kweupe. Lango la chuma nimelishusha, nikabakiza upenyo wa kuingiza mwanga, na sasa nimekaa kwenye kiti cha wateja nakuandikia nikiwa nimeweka karatasi juu ya ubao wa dama. Asubuhi walipita vijana wa maandamano ya kutaka wageni tuondoke, wakiimba na kugonga vyuma vya maduka kwa fimbo. Hawakuvunja kitu, walikuwa wanapita tu. Lakini tangu wapite mkono wangu haujatulia. Mteja wa mwisho nilimwomba radhi arudi kwake na nusu ya ndevu, maana niliogopa kumkata shingo. Kwa hiyo ukiona herufi zinacheza, usidhani ni uzee.

Nakuandikia kwa sababu juzi jikoni uliniuliza jambo na mimi nikajifanya natafuta chumvi. Ulisema hivi: "Papa, gari ya Pasta mimi sitaki. Siku ya kuenda tutapanda ile basi ya airport, mimi na weye. Na ukae pembeni yangu." Nilisikia vizuri. Chumvi yenyewe ilikuwa mbele ya macho yangu. Kesho ndiyo siku, na bado sijakujibu.

Mambo ya koti, ya mafuta ya kupaka na ya kula vizuri, mama yako ameshakujaza masikio. Amepakia unga wa muhogo na samaki wakavu mpaka zipu ya sanduku inalia. Ameapa atakuagia hapa hapa nyumbani, kwa kuwa akifika uwanja wa ndege atalia mpaka wamkamate yeye. Mimi huko sina la kuongeza. Nataka kukueleza kuhusu woga, kwa sababu ndiyo fani yangu. Wengine wana shahada kama wewe, mimi nina woga, na nimeusomea muda mrefu.

Acha nianze na yule askari wako wa Denmark, maana bila yeye nisingepata pa kuanzia.

Unakumbuka alivyoingia kwenye saluni yetu? Ulikuwa unatoka chuo jioni, unakaa kwenye kreti ya soda, unatusimulia ulichosoma huku mimi nanyoa. Mwanzoni wateja walinung'unika, walitaka mpira. Baada ya muda mtu akiingia, hata kabla ya kusalimia, anauliza: "Commandant amefika wapi?" Ulituambia alikuwa mtoto wa fundi viatu, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, kwao njaa tupu, akaenda kuvaa sare ya mfalme kwa kuwa sare ilikuja pamoja na mkate. Akawekwa lindo kwenye theluji, akasinzia, wakamcharaza viboko mbele ya wenzake. Papa Jérémie, yule Mrundi wa duka la simu, alishika kichwa. "Kumbe na wao walikuwa wanapigwa!" akasema. "Maskini ya Mungu." Hapo sote tulimwonea huruma.

Kisha akapanda meli akaja Afrika, pwani ya Guinea, kwenye ngome ya Wadenmark ambako watu walifungiwa chini ya sakafu wakisubiri kuuzwa ng'ambo. Huruma ikaanza kupungua. Alifika akiwa askari wa kubeba bunduki tu. Homa ikawa inawafagia wakubwa wake mmoja baada ya mwingine, na kila alipokufa mmoja yeye alipanda. Kwa kuwa alijua kusoma wakamfanya karani, halafu mtunza ghala, halafu mkuu wa ngome nzima, mtu wa kuamua nani apakiwe melini na nani abaki. Mtoto wa fundi viatu akawa serikali. Papa Jérémie akatikisa kichwa. "Sasa huyu, cheo yote amerithi kwa maiti," alisema, na watu wakavunjika mbavu.

Ulituambia kwamba walioandika habari zake walimwita shujaa. Nilikataa. Nilisema yule ni mwoga mwenzangu, ukaniuliza najuaje. Nilijua kwa yale madogo uliyokuwa unayataja ukipita. Ulisema alikuwa anafunga mlango wake kwa ndani kwa mkono wake mwenyewe, hamwachii mtumishi. Ulisema meli ikionekana mbali, alivaa lile koti zito la cheo kwenye jua la kuua mtu, akasimama ukutani kuisubiri, kwa kuwa kila meli ingeweza kuwa imembebea mtu wa kuchukua nafasi yake. Na chini ya kitanda chake, mbao tu zikiwa katikati, wamelala watu waliofungwa minyororo. Mtu wa namna hiyo halali usingizi, Mapendo. Nilipokimbia kutoka kwetu Uvira nilikutana na vijana wenye bunduki barabarani mara nyingi, na aliyenitisha kuliko wote hakuwa yule mwenye kelele. Alikuwa kijana mmoja aliyekuwa anatetemeka kama mimi, na kidole chake kiko pale pale kwenye bunduki.

Baadaye ukatuletea habari za mke. Alioa mwanamke wa mji ule, kwa desturi za kule, akapeleka zawadi kwa wakwe, wakazaa binti. Saluni ilifurahi utadhani tumealikwa harusini. Kuanzia siku ile hakuitwa tena Commandant, aliitwa Shemeji. Tulimsamehe mengi kwa wiki nzima, na ninaona aibu kidogo nikikumbuka tulivyomsamehe haraka.

Halafu ukaja na ile habari nyingine. Ulisema wageni wakubwa kutoka kwao walipokuwa wanafika, alimwambia mkewe atoke ngomeni na mtoto, wakae mjini mpaka meli iondoke. Siku moja binti alirudi peke yake. Labda alisahau, labda alimtamani baba yake. Akapita uani wageni wakiwa mezani, akasimama, akamtazama mkuu wa ngome akitabasamu. Na mkuu wa ngome akawageukia watumishi wake akauliza, wageni wote wakisikia: mtoto huyu ni wa nani?

Mashine ilinitoka njia. Nilimchorea yule mteja barabara katikati ya kichwa, kutoka sikioni mpaka utosini.

"Papa Mapendo!" akaruka. "Unanifanya nini? Kichwa yangu!"

"Samahani, ndugu. Samahani. Nitakunyoa kipara, bure."

"Huyu si Shemeji tena," Papa Jérémie alisema. "Huyu ni mbwa."

Wote wakaanza kumtukana, na mimi nikamtukana. Nilimtukana kwa sauti kuwashinda wote. Wewe ulikuwa unaangalia nywele zilizoanguka sakafuni. Hukuniangalia. Mpaka leo sijui kama uliyasema yale kwa ajili ya wateja au kwa ajili yangu, na nimeogopa kukuuliza.

Sasa niseme ya kwetu, maana tumeyaishi miaka yote hii bila kuyasema.

Ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Nilikuja kukuchukua shuleni Glenwood, mvua inanyesha, tukapanda teksi, zile basi ndogo za abiria. Ulikuwa unanisimulia habari za mwalimu wenu, kwa Kiswahili, kwa sauti ile ya mtoto aliyefurahi. Mwanaume mmoja wa mbele akageuka. "Nivelaphi?" akauliza. Mnatoka wapi. Badala ya kunyamaza nikajibu "Mayville", mtaa wa hapa hapa mjini, kama mjinga, na lafudhi yangu yote ikatoka nje. Akaendelea kusema maneno ambayo wewe uliyaelewa kuliko mimi, kwa kuwa ulikuwa unasoma na watoto wao. Tulipofika kwenye taa za barabarani dereva akasimama, akatuonyesha mlango. Tulishuka. Hakuna aliyetugusa, nataka niwe mkweli kwa hilo. Tulitembea kwenye mvua mpaka nyumbani Albert Park.

Kesho yake nikaweka sheria. Kwenye teksi hatujuani. Wewe unakaa mbele, mimi nyuma, kila mtu anatoa nauli yake, hakuna kugeuka. Nilikueleza kwamba Kizulu chako ni safi, hakuna atakayekujua kuwa mgeni, ila ukionekana na mimi ndipo utajulikana. Uliniuliza swali moja tu.

"Na bakikupiga, papa?"

"Weye unashuka kwa stop yenye kufuata. Usigeuke."

Haya ndiyo niliyomfundisha mtoto ambaye hata meno hayajamaliza kuota.

Ukashika somo vizuri kuliko nilivyotaka. Unajua teksi za hapa, nauli hupita kutoka mkono hadi mkono mpaka imfikie dereva. Nauli yangu ilikuwa inakufikia kutoka nyuma, na wewe uliipokea ukaipitisha mbele kama ya mtu yeyote, uso mkavu kabisa. Nilikuwa najivunia. Nilisema moyoni, huyu hawatamkamata. Mama yako aligundua siku aliyopanda na sisi akatukuta tumetengana. Aliponifikia nyuma alininong'oneza: "Mumegombana?" Nikasema hapana. "Basi mbona munakaa sawa batu benye hawajuane?" Nikageuza uso dirishani, na yeye hakuuliza tena. Naye alikuwa anaogopa.

Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, tukazoea. Hilo ndilo linalonitisha leo kuliko wale vijana wa fimbo, jinsi tulivyozoea.

Siku ya kuhitimu kwako mama yako alitangulia na wanawake wa kanisa kwenda kutushikia viti. Sisi tulichelewa kwa sababu ya joho, nililipiga pasi mara mbili. Tukapanda teksi, wewe mbele, mimi nyuma, suti ya kuazima inanibana mabegani. Mama mmoja wa Kizulu, mtu mzima mwenye kofia ya kanisani, alipoona joho lako akapiga vigelegele. Teksi yote ikalipuka kwa shangwe. Watu waliimba, Mapendo. Dereva alipiga honi. Yule mama akakushika mkono akakuuliza wako wapi wazazi wako, na wewe ukamjibu kwa upole, bila kugeuka: "Ubaba usemsebenzini." Baba yuko kazini.

Nilikuwa viti viwili nyuma yako. Nilipiga makofi. Nilipiga makofi pamoja na abiria wengine.

Nimemfikiria sana yule mama. Hakuwa mtu wa kutudhuru. Ningesema "mimi hapa" pengine angenikumbatia, angeniimbia mpaka tushuke. Ilikuwa siku ambayo teksi nzima ilikuwa upande wetu, na mimi sikuiona, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu yangu miaka mingi nyuma na sikutaka kuipiga upya. Kosa langu ninaloliona ni hilo. Kuogopa siku ile ya mvua hakukuwa kosa. Nilikosea nilipoichukua teksi moja nikaifanya kuwa teksi zote, na nchi yote, na maisha yako yote.

Unaweza kusema kwamba mimi na yule askari hatufanani. Najitetea hivyo kila siku. Yeye alimkana binti yake kwa ajili ya cheo, mimi niliogopa mawe na petroli wanayorushiwa wageni. Utetezi huo si wa uongo, unajua kilichompata jirani yetu wa ghorofa ya chini, na sitakiandika hapa. Lakini nikimfikiria yule msichana amesimama uani, tabasamu bado liko usoni halijapata pa kwenda, nadhani kwake haikuwa na tofauti baba yake alikuwa anaogopa nini.

Na sasa unakwenda Denmark kusoma, kwa ajili ya yule msichana. Wakubwa wako wa chuo wanampenda askari, ana makaratasi mengi, ana picha, ana mpaka vifungo vya koti. Yule binti ana mstari mmoja tu alioandika mgeni mmoja. Nilikuuliza utampata wapi, ukasema, "Sijue, papa. Nataka tu nijue kisha pale alienda wapi." Ulisema kama mtu anayeongea habari za ndugu yake. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi.

Naogopa, mwanangu. Acha niyaseme yote mara moja. Naiogopa ndege. Naiogopa hiyo karatasi yako ya kusafiria, ambayo kila ofisa akiifungua anaitazama pande zote halafu anamwita mkubwa wake. Naogopa mlango ukijifunga nyuma yako waseme mkimbizi aliyetoka ametoka, na mimi nibaki huku nakutazama kwenye simu nikizeeka. Naogopa huko watu watakuwa wema sana kwako na utaniona mimi na saluni yangu kama kitu cha kuhadithia. Naogopa watakuwa wabaya na hutaniambia. Na linaloniamsha ni kwamba utafika kule uendelee na nilichokufundisha. Utakaa mbele, hutageuka, ukiulizwa una nani utasema maneno mawili mazuri ya kufunga mazungumzo. Unaweza kuishi hivyo hadi uzee, na watu watakusifu kwa adabu.

Siku ile watu wa chuo cha Denmark walipokuhoji kwa video, dirisha lilikuwa wazi. Ukasema kwa Kiingereza, kwa sauti, kwamba baba yako ni Mkongomani na ni kinyozi. Mimi niliinuka nikafunga dirisha. Uliniona. Hukuacha kuongea, uliendelea na kazi yako, ila sauti ilipanda kidogo. Niliogopa sana siku ile, na pia, Mungu anisamehe, nilisikia raha ambayo sikuwahi kuisikia. Nilikaa jikoni nikasikiliza mtu akisema kwa watu wa mbali kwamba mimi ni wake.

Sitakuambia usiogope. Nikikuambia hivyo utanicheka, na utakuwa na haki. Utaogopa, damu yangu unayo. Ninachokuomba ni kwamba ukiogopa umwambie mtu aliye karibu, hata kama ni yule wa chumba cha pili usiyejua vizuri jina lake. Mimi niliufungia woga ndani, nikaufanya sheria, nikaupa sura ya akili. Mama yako alikuwa na wake, wewe ulikuwa na wako, tukalala watatu kwenye chumba kimoja kila mtu na wake, na hakuna aliyejua kwamba ule ule mmoja ungetutosha sote.

Basi, jibu langu.

Nimempigia Pasta kabla sijakaa hapa, nimemwambia kesho asije. Alishangaa, akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, mtoto wangu anataka tupande basi. Sasa simu imeshakatwa na siwezi kurudi nyuma bila kuonekana kichaa, na nadhani ndiyo maana nilipiga kwanza kisha nikaandika.

Usije ukadhani nimegeuka jasiri. Inawezekana nikanyamaza kwa muda mrefu, mpaka mji uwe nyuma yetu, na utafikiri nimeshindwa. Nivumilie. Inawezekana pia hakuna atakayetujali, watu watakuwa na simu zao na usingizi wao, na mimi nitakuwa nimejiumiza bure kama kawaida yangu. Hayo yote nimeyawaza hapa kwenye kiti.

Lakini nitakaa pembeni yako, wewe dirishani. Nina ombi moja tu, na ni amri ya mwisho nitakayokupa ukiwa chini ya paa langu. Usianze kuongea wewe. Niachie nianze mimi, kwa Kiswahili chetu, kwa sauti ya kawaida, ili vichwa vikigeuka, viwe vimenigeukia mimi.

Papa yako